Kumhamisha shule mtoto mwenye usonji: maswali ambayo wazazi tunaulizana kila siku

Mwanangu ana usonji (autism), ana miaka 12 na amesoma shule tatu. Uhamisho wa kwanza ulikuwa kosa langu, wa pili ulikuwa sahihi, na kuna mmoja ambao nusura utokee. Barua ya maombi nilishaiandika, ikabaki kwenye mkoba. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila tunapokaa wazazi kwenye benchi la kliniki kusubiri zamu. Majibu yanahusu zaidi Tanzania Bara. Walioko Zanzibar na Kenya waangalie pia swali la 17.

## Kabla ya kuomba barua

1. Nitajuaje kama shida ni shule?

Usianze na shule nzima, anza na saa. Mara nyingi mtoto mwenye usonji kinachomshinda ni jambo moja tu ndani ya siku, na kwa kuwa hawezi kulitaja, anaikataa siku yote. Chukua daftari la kawaida, andika kwa wiki tatu: siku gani kaamka analia, siku gani kaondoka vizuri, karudi vipi (kola ya shati imetafunwa, chakula hakijaguswa, suruali mbichi), na siku hiyo shuleni kulikuwa na nini.

Wangu alikuwa anatupa viatu kila Jumatano. Nilishaamini kuna mwalimu anamwonea, na ndipo nilipoandika ile barua. Daftari likanionyesha kwamba Jumatano skauti hufanya mazoezi ya ngoma, saa nne asubuhi, chini ya dirisha la darasa lake. Nilipomweleza mwalimu wa darasa, alimpa kazi ya kupeleka daftari la mahudhurio ofisini na kukaa huko hadi ngoma ziishe. Viatu vikaacha kuruka. Ningemhamisha, ningempeleka kwenye shule nyingine yenye skauti.

2. Mwalimu anasema "hapa hana shida kabisa", lakini akifika nyumbani ni vilio na kujipiga. Nani mkweli?

Wote wawili. Wapo watoto, hasa wanaozungumza vizuri, na wasichana wengi, wanaojibana kutwa nzima ili wafanane na wenzao: wanavumilia kelele, wanaiga kicheko, hawaombi kwenda chooni. Ni uji unaochemka chini ya mfuniko. Wewe ndiye unayefungua mlango saa tisa, kwa hiyo wewe ndiye unayemwagikiwa.

Usikubali kuambiwa kwamba umemdekeza. Lakini usimtuhumu mwalimu kwamba anaficha, maana anachokiona yeye ni utulivu wa kweli. Mwombe akwambie mambo madogo: anakula na nani, wakati wa mapumziko anasimama wapi, anakwenda chooni mara ngapi. Mtoto anayesimama peke yake kwenye ukuta uleule kila siku "hana shida" kwa macho ya mwalimu mwenye watoto 110.

3. Basi ni dalili zipi zinazosema kweli ahame?

Kwanza ondoa ugonjwa. Jino bovu, sikio, minyoo na choo kigumu vinaweza kumbadilisha mtoto asiyeweza kusema "naumwa" ukadhani amechukia shule. Kifafa nacho huwapata watoto wenye usonji zaidi kuliko wengine, na baadhi ya vipindi vyake ni vya kukodoa macho tu kwa sekunde chache. Hospitali kwanza.

Baada ya hapo, mimi ningehama kwa haya: anapigwa au anafungiwa, anatoroka geti hadi barabarani na hakuna anayebadilisha kitu, amepoteza alichokuwa nacho, yaani maneno, kujisaidia chooni au usingizi, na hali imedumu miezi, anarudishwa nyumbani kila siku saa nne kwa kuwa "amechoka". Na hili watu hawalisemi sana: mwalimu aliyekuwa anamwelewa amehamishwa kituo, na aliyebaki anamuita "yule wako".

Nisiyoyahesabu ni matokeo ya mtihani, mwandiko mbaya, na aibu yangu ninapokutana na wazazi wengine getini. Hiyo ya mwisho imehamisha watoto wengi kuliko tunavyokiri.

4. Anachapwa fimbo kwa sababu hakai kwenye dawati. Hiyo inaruhusiwa?

Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinamruhusu mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, na viboko visizidi vinne, kwa kosa kubwa, tena kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Kuinuka kwenye dawati si kosa kubwa. Nenda kwa mwalimu mkuu, omba kuonyeshwa kitabu hicho. Mara nyingi mazungumzo hubadilika papo hapo, maana hakuna kilichoandikwa. Asiposikia, peleka barua kwa Afisa Elimu Msingi wa halmashauri, nakala kwa ustawi wa jamii. Kama mtoto ameumizwa, anza na polisi upate fomu ya PF3 uende naye hospitali. Hapa usisubiri daftari la wiki tatu.

5. Naweza kuomba mabadiliko bila kuhama? Sitaki kuonekana msumbufu.

Omba, tena omba vitu visivyo na gharama, kimoja baada ya kingine. Akae mbele, pembeni, mgongo ukutani. Aingie darasani moja kwa moja bila kupita mstarini. Aruhusiwe kwenda chooni dakika tano kabla ya kengele, kabla ya msongamano. Maelekezo apewe moja moja: "toa daftari", akishalitoa ndipo "andika tarehe". Ratiba ya siku ichorwe kwa picha ibandikwe kwenye dawati lake. Unaweza kuichora mwenyewe usiku kwa kalamu na boksi la maziwa.

Nenda na karatasi ya nusu ukurasa, usiende na hasira, na uipe wiki sita. Zikipita bila hata jambo moja kujaribiwa, umepata jibu lako kuhusu shule hiyo, na utakuwa na maandishi ya kumwonyesha afisa elimu (swali la 11).

## Aina za shule na unachokwenda kukuta

6. Kitengo, shule jumuishi na shule maalumu vinatofautianaje?

Kitengo ni darasa au madarasa ya elimu maalumu ndani ya shule ya kawaida, yenye walimu waliosomea fani hiyo, wengi wao katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Dar es Salaam, Msimbazi Mseto ni mfano ambao wazazi wa watoto wenye usonji huutaja sana. Shule jumuishi ni ile ambayo mtoto anakaa darasa moja na wenzake wote, na msaada unamfuata humo. Shule maalumu ni ya watoto wenye ulemavu peke yao.

Hayo ni majina. Kilicho nyuma ya jina ni mwalimu. Nimeona "jumuishi" ambayo maana yake ni mtoto kaachwa nyuma ya darasa na karatasi ya kuchora, na nimeona shule ya kawaida kabisa, isiyo na bango lolote, ambako mwalimu wa darasa la kwanza alimfundisha mtoto asiyezungumza kusoma kwa vifuniko vya soda.

7. Nikimpeleka kitengo, hatarudi nyuma kwa kuiga wengine?

Hofu hii niliibeba miaka miwili, na iliniponza. Ni kweli anaweza kuiga tabia mpya, hata kupiga makofi au kutembelea vidole. Lakini kwenye darasa la kawaida pia aliiga matusi. Jambo la kuuliza ni kama kitengo kinafundisha. Kuna vitengo ambavyo watoto wanajifunza kusoma, kuhesabu na kujihudumia, na anayeweza anapelekwa darasa la kawaida kwa somo moja moja, mathalani hisabati. Na kuna vitengo vya kulea tu hadi mchana. Omba kuona madaftari ya watoto. Yakiwa matupu mwezi wa tisa, hapo ni pa kulea.

8. Shule binafsi yenye watoto 25 darasani si bora kuliko ya serikali?

Huu ndio uhamisho wangu uliokuwa kosa. Nilihesabu madawati, sikuhesabu lugha. Mtoto alikuwa ameanza kuunganisha maneno mawili ya Kiswahili, "taka maji", "twende nje", nikampeleka shule ya mchepuo wa Kiingereza ambako mwalimu alikatazwa kuongea Kiswahili naye. Kwa miezi mitano alinyamaza. Ada ililipwa mwaka mzima na haikurudi.

Lakini kuna kinyume chake. Wapo watoto wetu wanaojifunza Kiingereza kwenye katuni za simu kabla ya Kiswahili, hata bibi anashindwa kuongea na mjukuu. Kwa mtoto wa namna hiyo shule ya Kiingereza inaweza kumfaa kweli. Angalia lugha anayoitumia akiwa na njaa. Hiyo ndiyo yake.

Darasa dogo lina faida halisi, sibishi. Serikalini kipimo ni watoto 45, na mjini wanapita hapo mara mbili na zaidi. Ila shule nyingi binafsi zinaishi kwa wastani wa mitihani, na mtoto anayeshusha wastani huombwa kwa upole "atafutiwe mahali panapomfaa". Uliza mapema watafanya nini akipata sifuri, na majibu wayaandike.

9. Bweni je?

Kwa mtoto asiyeweza kukusimulia siku yake, mimi siwezi. Kuna familia ambazo shule yenye kitengo iko wilaya nyingine na hawana namna. Hao waombe ruhusa ya kutembelea bila taarifa, wamjue mlezi wa usiku kwa jina, na wamkague mtoto mwili mzima kila likizo.

10. Nikitembelea shule mpya niulize nini?

Nenda siku ya masomo, saa nne asubuhi wakati wa mapumziko, kabla hujamwambia yeyote kwamba unatafuta nafasi. Kaa getini dakika kumi. Utasikia kelele halisi na utaona geti linafungwa au liko wazi.

Kisha uliza: mtoto akianza kupiga kelele katikati ya somo, mnafanyaje? Jibu zuri huwa na vitendo ndani yake: tunamtoa nje na mwalimu fulani, tunamwacha atulie chini ya mwembe. Jibu la "hapa tunawapenda watoto wote" halina kitu. Angalia choo kwa macho yako. Uliza nani anabaki naye mwalimu wake akiumwa. Uliza kama kuna mtoto mwingine mwenye usonji, na kama yupo, mtafute mzazi wake; dakika tano za huyo mama kwenye kituo cha daladala zina faida kuliko ziara nzima ya ofisini.

Pima pia njia. Shule nzuri iliyo mbali kwa daladala mbili, alfajiri, konda anagonga bati, inaweza kuwa mbaya kuliko ya wastani anayofika kwa miguu.

## Karatasi na kalenda

11. Utaratibu wa uhamisho ukoje kwa shule za serikali?

Pata kwanza nafasi kunakokwenda, kwa maandishi. Usichukue barua ya kuondoka ukiwa huna pa kufikia. Kisha mwalimu mkuu wa sasa huandaa uhamisho, na wa kunakokwenda anaupokea. Ukivuka halmashauri au mkoa, ofisi za elimu za pande zote mbili zinahusika. Hakikisha namba yake ya PReM, ile ya mfumo wa Baraza la Mitihani (NECTA), imehama pamoja naye. Mtoto akiwa darasani huku jina likiwa shule ya zamani, tatizo litajitokeza siku ya kumsajili mtihani. Ndani ya halmashauri kuna afisa anayeshughulikia elimu maalumu. Mwanzie huyo, ndiye anayejua kitengo kipi kina mwalimu na kipi kimebaki na bango.

12. Hatuna cheti cha daktari. Tunaweza kuhama?

Uhamisho wa kawaida hauhitaji cheti. Kuingia kitengo, mtoto hupimwa au huombwa taarifa ya hospitali. Muhimbili ina kliniki ya afya ya akili ya watoto. Mikoani anzia hospitali ya rufaa. Kusubiri majibu kusikuzuie kufanya yaliyo kwenye swali la 5, maana hakuna kati ya hayo linalohitaji muhuri.

13. Wakati gani ni mzuri?

Januari, mwaka wa masomo unapoanza, kila mtoto akiwa mgeni wa darasa. Julai ni wa pili. Kwa hiyo tembelea shule Agosti hadi Oktoba. Usihamishe mwaka ambao nyumbani kuna mtoto mchanga, msiba, au mnahama nyumba, ukiweza kuepuka. Na darasa la nne na la saba ni miaka ya mitihani ya kitaifa; akishasajiliwa, acha amalize, isipokuwa kama kuna hatari ya swali la 3 au la 4.

14. Niwaambie shule mpya kwamba ana usonji, au nisubiri wamzoee?

Waambie. Najua kwa nini tunaficha: umeshakataliwa mara mbili, mara ya tatu unasema "ni mkimya tu". Lakini wataona wiki ya kwanza, na utakuwa umeanza kwa uongo na mtu unayemhitaji kuliko wote. Usiwape neno peke yake, maana wengi wakisikia usonji wanawaza mtoto wanayemjua wao. Wape ukurasa mmoja: anachopenda, kinachomtisha, dalili kwamba anakaribia kupasuka, na kinachomtuliza. Wa kwangu ulikuwa na mstari huu: "Akianza kunusa vidole, mpeleke nje. Una dakika mbili."

## Wiki za mwanzo

15. Namwandaaje mtoto asiyependa mabadiliko?

Pita naye njia mpya mara kadhaa wakati wa likizo, bila kuingia. Piga picha za geti, darasa, choo na mwalimu, zitazameni kila jioni. Fua sare mpya mara tatu ilainike, kata lebo za shingoni. Baki na kitu kimoja kisichobadilika: chupa ileile ya maji, begi lilelile hata kama limechakaa. Usimwambie miezi mitatu kabla, atahesabu na kuteseka; mwambie siku kumi kabla, na weka alama kwenye kalenda ya ukutani.

Omba aanze kwa saa mbili kwa siku, wiki ya kwanza. Shule nyingi zitakubali, maana nazo zinaogopa.

16. Amezidi kuharibika tangu ahame. Nimrudishe?

Kuharibika kwa mwanzo ni kawaida: usingizi, chakula, hata kukojoa kitandani. Mpe muhula mmoja, na urudie daftari la swali la 1. Unachotafuta ni kama siku mbaya zinapungua, hata polepole. Wiki ya sita ikiwa mbaya kuliko ya kwanza, kaa na mwalimu. Kumrudisha shule ya zamani ni uhamisho mwingine, na ile ya zamani haijakusubiri. Dawati lake limeshakaliwa.

## Hali za pembeni

17. Niko Zanzibar / Kenya. Mambo ni yaleyale?

Ya mtoto ni yaleyale, ya ofisi yanatofautiana. Zanzibar neno linalotumika ni elimu mjumuisho, na Wizara ya Elimu ina kitengo chake, anzia huko. Kenya, mtoto hupimwa na kituo cha EARC cha kaunti, mfumo ulioanza mwaka 1984, au pale KISE, taasisi ya elimu maalumu iliyoko Kasarani, Nairobi, na ripoti hiyo ndiyo inayomwelekeza kwenye kitengo au shule. Mtaala wa huko una njia ya hatua kwa hatua kwa mtoto asiyefuata madarasa ya kawaida. Viboko vilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, kwa hiyo swali la 4 huko lina jibu fupi.

18. Shule imekataa kumpokea.

Omba sababu kwa maandishi; wengine hulegea hapo hapo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama wenzake, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Peleka kwa afisa elimu. Ila nikwambie ukweli, ukishinda utakuwa umemkabidhi mtoto kwa mwalimu mkuu aliyelazimishwa. Mimi hupigania shule pale tu ninapojua mwalimu wa darasa anamtaka.

19. Baba yake na mama mkwe wanasema ni utundu, shule haina kosa.

Mpeleke baba yake akae darasani asubuhi moja, asisimuliwe. Mama mkwe mpe kazi: ndiye aandike daftari la jioni au, kama haandiki, ndiye akusimulie wewe uandike. Wa kwangu alianza kwa kuniambia nimpeleke mtoto kwa mtaalamu wa kienyeji. Mwezi wa pili alikuwa ananipigia simu saa tisa na nusu: "Leo amekula, ila mikono ameinusa sana."

20. Kijijini kwetu kuna shule moja tu.

Basi uhamisho wako ni wa darasa au wa mwalimu. Omba akae na mwalimu mwenye subira hata kama ni darasa la chini kwa mwaka mmoja. Afisa elimu maalumu anaweza kuja kuwaelekeza walimu; ukimwomba kwa barua kupitia kamati ya shule, si rahisi kupuuzwa.

21. Hazungumzi. Nitajuaje kama shule mpya amekubaliana nayo?

Mwili utasema: usingizi, choo, kucha zisizotafunwa, namna anavyoshika mkono wako mkikaribia geti. Wangu ana maneno machache na hayatumii kwa mambo ya shule. Wiki ya tisa baada ya uhamisho wa pili, Jumapili asubuhi, nilimkuta mlangoni amevaa soksi za shule. Nikamwambia leo Jumapili. Akazivua, akazikunja, akaziweka ndani ya viatu.